Seli kwa Macho Yako: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kitunguu cha Mbuyuni hadi Shavu Lako

"Mwalimu, mbona hakuna kijani?"

Aliyeuliza ni binti wa kidato cha kwanza, Jumamosi moja kibarazani kwangu hapa Moshi ninapofundishia tuisheni. Alikuwa amekariri jedwali zima: seli ya mmea ina ukuta, ina kloroplasti, ina vakuoli kubwa; seli ya mnyama haina. Nikamwekea ngozi ya kitunguu chini ya hadubini. Akazitafuta kloroplasti, vile vidoa vya kijani, kama mtu anayetafuta sarafu mchangani, akazikosa. Wenzake wakamcheka. Mimi nilifurahi, kwa sababu swali lake lilikuwa na thamani kuliko jedwali alilokariri.

Mchoro wa seli ya mmea ulio kitabuni haukuchorwa kutoka mmea wowote. Ni kama kuchora picha ya "Mtanzania" ukambebesha jembe, usukani, chaki na sindano ya daktari kwa pamoja. Kila kifaa ni cha kweli, ila hakuna mtu anayetembea navyo vyote. Seli ya kitunguu inakaa ndani, mwanga hauifikii, kwa hiyo kutengeneza chakula kwa jua si kazi yake. Kloroplasti ingekuwa mzigo tu.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na daftari. Unaona kwanza, unachora, ndipo unataja jina na kazi. Tutatumia vitu vitano vya kawaida: kitunguu, ndizi, jani, shavu lako na yai. Ukivimaliza, lile jedwali utaliandika mwenyewe.

Vitu vya kuandaa

Hadubini ya kawaida ya shule inatosha, yenye lenzi ya jicho ya kukuza mara 10 na lenzi tatu za chini: 4, 10 na 40. Ukuzaji unapatikana kwa kuzidisha. Lenzi ya jicho 10 kwa lenzi ya chini 40 ni mara 400. Kama huna hadubini, omba siku moja kwenye maabara ya shule ya jirani, ukiwa umeshaandaa kila kitu ili usipoteze muda wa watu. Chukua na simu, maana ukiilenga kamera vizuri juu ya lenzi ya jicho utapata picha za kuchorea nyumbani.

Utahitaji slaidi na vile vioo vyembamba vya kufunikia, wembe mpya, kibano, kitonesho, tishu, njiti za meno, penseli iliyochongwa na karatasi nyeupe. Kisha rangi mbili. Ya kwanza ni iodini. Ile ya vidonda ya duka la dawa inafaa ukiizimua kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. (Ndiyo, ni ndugu wa madini joto yanayoandikwa kwenye pakiti ya chumvi, lakini usijaribu kutumia chumvi hiyo kupaka slaidi, kiasi kilichomo ni kidogo mno.) Rangi ya pili ni bluu ya methilini. Ukiikosa, tumia GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni. Matone 2 au 3 kwenye kijiko cha chakula cha maji yanatosha. Vaa nguo ya zamani. GV haina msamaha.

Kuiweka hadubini sawa

Anza na lenzi fupi kuliko zote, ile ya 4, kila mara, hata kama una haraka. Hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga ni nzuri kwa sababu haijali umeme ukikatika: geuza kioo kielekee anga jeupe, siyo jua lenyewe. Mwanga wa jua ukipita kwenye lenzi unaweza kukuharibia jicho. Huku kwetu mlima ukijifunga mawingu, usilalamike. Mwanga wa wingu jeupe ndio bora, hauna makali.

Weka slaidi jukwaani. Ukiangalia kwa pembeni, siyo kupitia lenzi, shusha lenzi mpaka ikaribie kioo. Sasa chungulia, na usogeze skrubu kubwa kwa kuitenganisha lenzi na slaidi tu, polepole, mpaka picha ijitokeze. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wanachungulia huku wanashusha, na kinachofuata ni mlio wa kioo kupasuka. Picha ikionekana, malizia na skrubu ndogo. Ukihamia lenzi ya 40, usiguse tena skrubu kubwa.

Kitunguu, upande wa ndani

Nunua kitunguu maji kimoja, chekundu, kigumu. Pale soko la Mbuyuni mama mmoja huniuliza, "Mwalimu, kimoja tu? Leo hupiki?" Vingi huletwa kutoka Mang'ola kule Karatu, na wekundu wao utatufaa baadaye.

Kata robo, bandua tabaka moja nene. Tabaka hilo lina pande mbili: upande uliobonyea ndani ni mweupe, upande uliotuna nje ni wa zambarau. Tunaanza na mweupe. Livunje taratibu kwa vidole. Utaona ngozi nyororo kama karatasi ya sigara ikining'inia kwenye sehemu iliyovunjika. Ivute kwa kibano, kata kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kiweke kwenye tone la maji juu ya slaidi bila kukunjika. Ongeza tone moja la iodini. Chukua kioo chembamba, kisimamishe kwa mwinamo kando ya tone, kisha kilaze polepole kwa ncha ya sindano au njiti. Ukikidondosha kwa mara moja, utafungia hewa.

Na hewa hiyo ina historia nami. Nikiwa kidato cha kwanza nilichora duara zuri lenye ukingo mweusi mnene, nikaandika "seli", nikaweka na kivuli kwa penseli ili lipendeze. Mwalimu alilitazama, akaligonga kidogo kioo kwa penseli, na seli yangu ikaondoka ikielea hadi pembeni. Lilikuwa povu. Chochote cha mviringo kamili chenye mpaka mweusi tii na katikati peupe, kikitembea ukigusa kioo, ni povu.

Seli zenyewe utazijua: zimepangana kama matofali marefu, safu baada ya safu, bila nafasi katikati. Mistari inayozitenga ni ukuta wa seli. Umetengenezwa hasa kwa selulosi, kitu kilekile kilicho kwenye pamba na karatasi. Kazi yake ni kuipa seli umbo na kuizuia isipasuke inapojaa maji. Ukuta huu hauchagui cha kupitisha. Maji na chumvi vinapita. Wanafunzi hupenda kuandika kuwa ukuta "unadhibiti vinavyoingia na kutoka". Hapana. Mdhibiti ni mwingine, tutamnasa muda si mrefu.

Kuta hizi ndizo alizoziona Mwingereza Robert Hooke, aliyechapisha michoro yake mwaka 1665. Alikata kipande chembamba cha gome la koki, akaona vijumba vitupu, akaviita "cells", yaani vyumba vidogo. Jina limebaki mpaka leo, ingawa alichoona kilikuwa nyumba zilizohamwa, seli zake zilishakufa.

Zako zilikuwa hai dakika chache zilizopita. Ndani ya kila tofali tafuta doa la mviringo lililochukua rangi ya njano-kahawia. Mara nyingi limesukumwa pembeni, halikai katikati. Hicho ni kiini. Mskoti Robert Brown alikipa jina lake la kisayansi mwaka 1831, akichunguza mimea jamii ya okidi. Ndani yake mna DNA, yaani maagizo ya kutengeneza karibu protini zote za kiumbe, na kutoka humo shughuli za seli huongozwa. Vumbivumbi hafifu linalozunguka kiini na kupakana na ukuta ni saitoplazimu, ule uteute ambamo kazi nyingi za kikemia hufanyika na vifaa vingine vyote huelea.

Swali la mtego ni hili: kwa nini kiini kimesukumwa pembeni? Nani amekaa katikati?

Kitunguu, upande wa nje: kachumbari chini ya hadubini

Sasa geukia upande wa zambarau. Chuna ngozi yake kwa ncha ya wembe, ukate kipande kidogo, ukiweke kwenye tone la maji bila rangi yoyote. Kinakuja na rangi yake. Tazama kwa ukuzaji wa mara 100.

Karibu seli nzima imejaa zambarau. Rangi hiyo haiko kwenye ukuta wala kwenye saitoplazimu. Iko kwenye maji yaliyo ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa uliochukua sehemu kubwa ya nafasi na kukibana kiini ukutani. Vakuoli ni ghala la maji, sukari, chumvi na rangi, na ikijaa inasukuma seli kwa ndani hadi iwe ngumu. Mchicha uliochumwa asubuhi unasimama wima kwa sababu hiyo; saa tisa mchana mezani pa muuzaji umelala, na akiunyunyizia maji unaamka.

Hapo ndipo penye jaribio ninalolipenda kuliko yote. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu glasi ya maji. Weka tone la maji hayo kwenye ukingo mmoja wa kioo chembamba, na upande wa pili gusisha kipande cha tishu kivute maji. Chumvi itapita chini ya kioo na kuzifikia seli. Usiondoe jicho.

Baada ya dakika chache zambarau inaanza kujikunyata. Inaachia kona za seli kwanza, kisha pande, mpaka inabaki tonge katikati huku ukuta ukiwa umesimama palepale. Maji yametoka ndani ya seli kuifuata chumvi. Ni jambo lilelile unaloliona ukitia chumvi kwenye kachumbari: muda mfupi tu na bakuli lina maji ambayo hukuyatia.

Tazama ule ukingo wa tonge la zambarau. Mpaka wake wa nje ni utando wa seli, na sasa ndiyo umejulikana kuwa si ukuta. Katika seli iliyojaa umeganda kwenye ukuta kiasi kwamba huwezi kuutofautisha. Chumvi ndiyo imeutoa mafichoni. Utando ni mwembamba mno, hadubini yako haioni unene wake, inaona tu mahali unapoishia. Lakini kazi yake umeiona waziwazi: umeruhusu maji kupita na kuizuia rangi isitoke. Mdhibiti ndiye huyu.

Ukitaka kuhakikisha, vuta maji safi chini ya kioo kwa njia ileile ya tishu. Seli zikiwa bado hai, zambarau itatanuka tena na kuujaza ukuta. Kisha chukua kipande kingine cha ngozi hiyo, kichovye kwenye maji yanayochemka, ukitazame: rangi imevuja, imetapakaa kila mahali. Moto umeua tando. Ndiyo maana kitunguu chekundu kikichemka kinapoteza rangi yake kwenye supu.

Seli ya mnyama haina ukuta wa kuizuia, kwa hiyo mambo yake ni ya hatari zaidi. Chembe nyekundu za damu ukiziweka kwenye maji matupu zinavimba na kupasuka. Dripu ya maji ya chumvi anayowekewa mgonjwa ina chumvi asilimia 0.9 kwa sababu hiyo: isizijaze chembe za damu maji wala isizinyonye.

Ndizi mbichi na ndizi mbivu

Hii ni ya dakika tano. Kwa ncha ya njiti, kwangua kidogo sana nyama ya ndizi mshare mbichi, ile ya mtori. Ipake kwenye slaidi, tone la maji, kioo, bonyeza taratibu. Utaona seli za mviringo zimejaa vipunje kama mchele. Pitisha iodini chini ya kioo na vipunje vitageuka bluu-nyeusi: ni wanga. Vimehifadhiwa ndani ya vifuko vyake, jamaa wa karibu wa kloroplasti lakini visivyo na kijani.

Rudia kwa ndizi iliyoiva vizuri. Vipunje vimepungua sana, vingine vimebaki kama vivuli. Wanga umegeuzwa sukari, ulimi wako ulishajua hilo.

Hatimaye, kijani

Kwa kloroplasti usihangaike na jani nene. Mwanga haupiti na utaona giza la kijani tu. Nenda kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, au kwenye jiwe lenye unyevu, tafuta ile mimea midogo laini inayoota kama zulia. Huku Marangu na Kibosho imejaa kila kingo. Vijani vyake vingi vina unene wa seli moja tu, kwa hiyo huhitaji kukata chochote. Chomoa kimoja kwa kibano, kiweke kwenye maji, funika, tazama.

Utaona vijumba vilivyojaa vidoa vya kijani, kila kimoja kama punje ya dengu. Hizo ni kloroplasti. Kijani chake ni klorofili, inayonasa mwanga wa jua. Kwa nishati hiyo, maji na kabonidayoksaidi hugeuzwa sukari, na oksijeni huachiwa. Huo ndio usanisinuru. Angalia pia kwamba kijani hakikutapakaa seli nzima. Kiko ndani ya vidoa tu. Mwanafunzi anayepaka seli yote kijani kwa penseli ya rangi anapoteza alama akidhani anapamba.

Kwa wenye shamba la kahawa, kuna nyongeza. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, sehemu ya ukubwa wa sarafu, iache ikauke kabisa, ibandue kwa selotepu na uibandike kwenye slaidi. Unachotazama ni alama tu ya ngozi ya jani, kama nyayo kwenye tope, lakini utaona midomo midogo iliyozungukwa na seli mbili kama maharage yaliyotazamana. Hizo ni stomata na walinzi wake, hewa inapoingilia na mvuke unapotokea. Fanya hivyohivyo upande wa juu wa jani la kahawa na hutaona hata moja. Katika jani halisi, seli hizo mbili za ulinzi zina kloroplasti, ilhali majirani zao wa ngozini kwa kawaida hawana. Seli za jani moja, tena zinazogusana.

Shavu lako

Sukutua mdomo kwanza, la sivyo utachora mabaki ya chapati. Chukua njiti ya meno mpya, tumia upande butu, sugua ndani ya shavu taratibu bila kujiumiza. Kila mtu na njiti yake. Ikitumika, inaingia moja kwa moja kwenye kikopo chenye maji ya klorini, haichangiwi wala haiachwi mezani.

Zungusha ncha hiyo kwenye tone la bluu ya methilini au GV uliyozimua, funika, subiri dakika mbili. Anza ukuzaji wa chini kutafuta, kisha panda hadi mara 400. Seli za shavu ni bapa, zina umbo lisilotabirika kama chapati iliyosukumwa na mtoto, nyingine zimekunjana, nyingine ziko peke yake. Hakuna safu za matofali, kwa kuwa hakuna ukuta. Katikati au karibu na katikati kuna kiini kilichokolea rangi. Kinachokizunguka ni saitoplazimu, na mwisho wake ni utando. Hakuna mfuko mkubwa wa maji uliokisukuma kiini pembeni. Ukiona vinukta vidogo sana vilivyotawanyika juu ya seli, hao ni bakteria wa mdomoni, usiwape jina la kiungo cha seli.

Seli ya mnyama inaweza kuwa na vakuoli, ila ndogondogo na za muda. Andika hivyo mtihanini. "Haina vakuoli" ni jibu la haraka na si sahihi.

Kiini cha yai si kiini cha seli

Kiswahili chetu kimetutegea mtego hapa, na kila mwaka kuna anayenaswa. Kwa kuwa ile njano ya yai tunaiita kiini, mwanafunzi anadhani ndiyo kiini cha seli, ute mweupe ndio saitoplazimu na ganda ndilo ukuta. Mchoro unakuwa mzuri, majibu yote yamekosewa.

Vunja yai la kisasa kwenye sahani. Kuku wa mayai hao hufugwa bila jogoo, kwa hiyo yai halijarutubishwa. Ile njano yote ni seli moja, iliyovimba kwa akiba ya chakula. Ute na ganda viliongezwa nje wakati yai likishuka, si sehemu ya seli. Kiini cha kweli ni kidogo mno na kimo ndani ya lile doa jeupe lililo juu ya njano. Igeuze taratibu kwa kijiko mpaka ulione. Yai la kienyeji la kuku anayezunguka na jogoo ni habari nyingine: likiwa limerutubishwa, linapotagwa doa hilo tayari ni maelfu ya seli.

Tukiwa kwenye kuku, chembe nyekundu za damu yake zina viini. Zako hazina. Zinapokomaa hukitoa, zikabaki na nafasi zaidi ya kubebea oksijeni, kisha huishi takriban siku 120 tu.

Vile usivyoviona

Hadubini ya mwanga ya kawaida, hata ya bei kubwa, haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya mikrometa 0.2 hivi (mikrometa 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwa hiyo sehemu hii tunaazima macho ya hadubini ya elektroni, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani miaka ya 1930. Badala ya kukariri majina sita yanayoelea, fuata safari moja.

Tafuna tonge la ugali bila kumeza, uhesabu hadi 60. Utaanza kusikia utamu kwa mbali. Mate yana kimeng'enya cha amilesi kinachovunja wanga kuwa sukari, na amilesi hiyo imetengenezwa ndani ya seli za tezi za mate. Safari yake ni hii. Kwenye kiini, agizo la kutengeneza amilesi linanakiliwa kutoka DNA. Nakala inatoka kupitia vitundu vya utando wa kiini na kupokelewa na ribosomu, vipunje vidogo vinavyounganisha amino asidi ziwe protini. Ribosomu hizi zimebandikwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa mifereji na mikunjo ya utando. Ile yenye ribosomu huitwa yenye mkwaruzo, na isiyo nazo, laini, hushughulika zaidi na kutengeneza mafuta. Protini inaingia ndani ya mfereji, inakunjwa, inafungwa kwenye kifuko na kupelekwa kwenye mwili wa Golgi, ulioelezwa na Mtaliano Camillo Golgi mwaka 1898. Huko inarekebishwa, inapangwa na kupewa mwelekeo. Kifuko kinasafiri hadi utando wa seli, kinaungana nao, na amilesi inamwagika nje. Mdomo umejaa mate.

Nishati ya safari yote hiyo imetoka mitokondria, ambako sukari na oksijeni hutumika kutengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mitokondria zina DNA yake zenyewe, sawa na kloroplasti, na maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana zilikuwa viumbe kama bakteria vilivyoingia ndani ya seli nyingine na kubaki. Seli inayofanya kazi kubwa inazo nyingi. Paja la kuku wa kienyeji, anayetembea kutwa, lina nyama ya rangi nzito kuliko kidari chake. Misuli hiyo imejaa mitokondria na protini inayotunza oksijeni.

Lililobaki ni fupi. Lisosomu, jina lililotolewa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, ni vifuko vyenye vimeng'enya vya kumeng'enya vitu vilivyochakaa au vilivyomezwa na seli. Sentrioli husaidia kupanga nyuzi wakati seli ya mnyama inapogawanyika. Mimea inayotoa maua haina, na inagawanyika bila shida.

Na kosa ninalosahihisha kuliko yote: mimea ina mitokondria. Kloroplasti haichukui nafasi yake. Inatengeneza sukari, lakini mmea nao lazima uivunje sukari hiyo upate nishati, mchana na usiku, na mizizi ambayo haijawahi kuona jua inategemea mitokondria tupu.

Kupima na kuchora

Hapa ndipo alama zilipolala na ndipo wengi wanapopita mbio. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga jukwaani, kwa ukuzaji wa mara 40, uhesabu milimita ngapi zinaonekana kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Tuseme umepata 4.5. Ukikuza mara 100, duara linapungua kwa uwiano: 4.5 × 40 ÷ 100 = milimita 1.8. Kwa mara 400 ni milimita 0.45. Kama seli 9 za kitunguu zimejipanga kwa urefu kuvuka milimita 1.8, kila moja ina milimita 0.2. Seli ya shavu ina takriban milimita 0.06, kwa hiyo zingejipanga 7 hivi kuvuka duara la 0.45.

Kisha chora seli 2 au 3, si duara zima. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kivuli, hakuna rangi. Ukuta wa kitunguu unachorwa kwa mistari miwili iliyokaribiana kwa sababu una unene unaoonekana. Utando wa shavu, mmoja. Mistari ya kuonyesha majina ipigwe kwa rula, isipishane, isiwe na vichwa vya mishale, na iguse kitu chenyewe. Andika kichwa cha mchoro kinachotaja ni seli ya nini. Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro gawanya kwa urefu halisi: umechora seli ya milimita 100, halisi yake 0.2, basi mchoro umekuza mara 500. Si ule ukuzaji wa mara 100 wa hadubini. Hizo ni namba mbili tofauti.

Chora unachokiona. Kama mitokondria haikuonekana, haichorwi, hata kama unajua imo. Yule binti, mwezi uliofuata, alichora kitunguu kisicho na kijani, akachora na lile jani dogo la mfongoni lenye vidoa, akaviweka karatasi moja na kuandika chini yake sababu ya tofauti kwa maneno yake mwenyewe. Daftari lake la zamani lenye jedwali sijaliona tena.

Ukimaliza, rudisha lenzi ya 4 kabla ya kutoa slaidi. Slaidi ya shavu iingie kwenye maji ya klorini kwanza, ndipo ioshwe. Lenzi zipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, siyo pindo la shati, na hadubini ifunikwe. Vumbi la Moshi kiangazi halibishi hodi.